Stuli ya Pembeni

Jumatatu baada ya kumzika Senge Nabwire, binti zake wawili waliniita chumbani kwake wakafunga mlango. Nilikwenda nikinung'unika. Nje bado kulikuwa na watu wa kulishwa na sufuria za kurudishwa kanisani, na mzee wangu Egesa alikuwa amesinzia kwenye kiti cha plastiki jua likimchoma upara. Senge ndivyo Wasamia wa huku Busia wanavyomwita dada ya baba, na huyu alikuwa dada ya baba yake Egesa. Ndiye aliyenipokea katika ukoo huu, mimi msichana wa Iyolwa kutoka upande wa Uganda. Chumba chake kilinuka dawa ya nondo na sabuni ya mche. Sanduku la bati lilikuwa wazi sakafuni, nguo zimepangwa mafungu mafungu kitandani, maana nguo za marehemu hugawanywa kabla wageni hawajaisha. Auma, binti mkubwa, yule auzaye vitenge sokoni, alikuwa amesimama. Nekesa, kitinda mimba, ambaye ni nesi, alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda akitazama viganja vyake kama anayesoma. Auma akaninyooshea picha ya zamani, nyeusi na nyeupe, iliyokuwa imefungwa ndani ya leso, chini kabisa ya sanduku. Nilikuwa sijaiona tangu nilipokuwa msichana. Katikati kuna mwanamke ameshika karai, na pembeni kabisa Senge amekaa kwenye stuli, amegeuka ubavu, macho chini, na mbele yake tumbo. Si tumbo la ugali. Tumbo la mwanamke wa kupelekwa kwa mkunga wiki hiyohiyo.

Auma akanionyesha mkono wa mama yake pichani. Kulikuwa na saa ya kiume, kubwa, yenye mkanda wa chuma. Hiyo saa ilikuwa ya baba yao, na mama yao alianza kuivaa baada ya kumzika mumewe, si kabla. Jambo hilo ukoo mzima unalijua, kwa kuwa aliivaa mpaka alipokwenda. Auma aliongea polepole kama mtu anayekanyaga utelezi. "Mama Wandera, wewe ulikaa naye kuliko sisi. Baba alikuwa ameshakufa. Sasa hii mimba ilikwenda wapi?" Nekesa hakuinua uso. Alisema, "Labda haikwenda popote. Labda ni mimi." Hapo nikaelewa kwa nini mlango umefungwa. Mtu wa umri ule, mwenye wajukuu, alikuwa ameamka na baba na sasa jua la saa nne linamkuta hana hakika. Na mimi, Mungu anisamehe, nilicheka. Nilicheka ndani ya nyumba ya msiba mpaka nikashika ukuta. Auma akakasirika, akaniuliza kama kuna la kuchekesha. Nikamwambia alete kiti chenye mgongo na chai, kwa sababu habari hiyo ina mwaka mzima ndani yake na mguu wangu wa kushoto hautaki stuli. Stuli nilishazimaliza zamani.

Mwaka huo nilikuwa nafanya kazi kwa Fundi Obbo, mpiga picha, Busia upande wa Uganda, kwenye barabara inayokwenda mpakani. Sasa chumba hicho ni duka la simu na chaja. Obbo alikuwa mtu wa Petta, mwembamba, mpole, mwenye vidole vilivyobabuka kwa dawa za kusafishia picha. Mimi nilikuwa nimeacha shule darasa la tatu na nilikuwa najua kufagia, kuteka maji na kunyamaza, na hiyo ndiyo kazi aliyonipa. Nilipiga pasi koti moja na tai moja ambazo wateja wote wa kiume waliazima. Kwa hiyo ukizunguka nyumba za Tororo mpaka leo utakuta wazee wengi wana koti lilelile, na wote wanasema ni lao. Nyuma ya benchi kulikuwa na pazia alilochora mwenyewe: mwamba wa Tororo na juu yake ndege ya abiria, ingawa hakuna ndege iliyowahi kutua hapo. Nilikula na kulala nyumbani kwake, nyuma ya studio, pamoja na mkewe Mama Apio. Mama Apio alipika ugali wa muhogo na wimbi, mgumu, wa kukatwa, na mboga za majani zenye karanga za kusaga, na aliongea wakati wote akipika, kwa hiyo habari zote za mpaka nilizipata pamoja na mvuke. Tulikunywa chai bila sukari. Uganda mwaka ule sukari ilikuwa kama uvumi: kila mtu alisikia kuna mtu anayo. Ilivuka kutoka Kenya ndani ya mbeleko na ndani ya mirija ya baiskeli, na mtu akikutilia kijiko kimoja ulijua anakuheshimu.

Sasa lazima nieleze lenzi, maana ndiyo iliyoleta maneno yote. Kwanza Obbo alikuwa na chumba kirefu. Alimweka mtu ukutani, akarudi nyuma, akarudi nyuma tena, akapiga. Halafu mwenye nyumba akajenga ukuta katikati ili ampangishe muuza sabuni, na studio ikabaki pana kwa upande lakini fupi kwenda mbele. Ukikaa kwenye benchi ungeweza kunyoosha mguu ukaipiga kamera teke. Familia zikija, picha inatoka na baba na nusu ya mama. Obbo akawa anafungua mlango na kupigia picha barabarani, malori yakimpigia honi, mpaka siku moja baiskeli yenye gunia la makaa ilimbeba pamoja na kamera. Ndipo dereva mmoja wa lori akamletea lenzi pana, fupi, nene, jicho limetokeza kama la chura. Obbo alitoa redio yake wakabadilishana. Mama Apio aliililia redio ile kama ndugu. Lakini lenzi ilimeza watu. Watu saba, wanane, wote ndani, na ukuta uko mgongoni mwa Obbo. Alifurahi, akajaribu kuitumia hata kwa mtu mmoja mmoja, akasogea karibu na uso kama alivyozoea, na hapo vicheko vikaanza. Kilicho karibu na lenzi hiyo hukua. Mzee mmoja kutoka kwetu Iyolwa alirudisha picha yake akaiweka mezani kwa adabu, akasema pua hiyo si ya ukoo wao, huenda ni ya mteja mwingine.

Obbo hakukata tamaa. Alikaa nayo kama mtu anayefundisha ng'ombe dume kulima. Jioni alikuwa akituambia alichojifunza, na mimi nilisikiliza kwa sababu hakuna redio tena. Nakumbuka Kiswahili chake cha kwetu, kifupi. "Hii lenzi napenda katikati," alisema. "Mtu naweka katikati, uso naacha mbali kidogo, kamera nashika usawa wa kifua. Ukiinamisha, yeye nakosa miguu. Ukikaribia, nakuwa pua." Kisha akagundua jambo ambalo naliona la maana zaidi kuliko yote. Kwa kuwa lenzi inaona pande zote, akaacha kumficha mtu mbele ya ndege ya uongo. Akaipeleka lenzi sokoni. Akampiga picha fundi cherehani na cherehani yake na vitambaa vyake vikining'inia mpaka dari. Akampiga mama wa samaki katikati ya vikapu, vikapu vimemzunguka kama raia na yeye ndiye mfalme. Picha ya koti na tai ilionyesha unachotaka kuwa. Hizi zilionyesha mahali uliposimama. Mimi sikuwa na maneno hayo wakati huo, nilijua tu kwamba nikizianika kwenye kamba nilizitazama kwa muda mrefu, na zile za koti sikuzitazama. Siku hizi wajukuu wanapiga picha mia kabla ya chai na hawazianiki popote. Siwalaumu. Nasema tu kwamba picha ilipokuwa moja, mtu aliiamini kama anavyoamini macho yake, na hiyo ndiyo ilikuwa hatari.

Egesa nilimpata palepale studio. Alikuja kupiga picha ya kitambulisho na akarudi mara nyingi kuliko vitambulisho vinavyohitajika. Hilo sitalieleza zaidi, yuko nje na akisikia atavimba kichwa. Wazee wa pande mbili walikutana, wakakubaliana. Likabaki moja. Babu yake Egesa alikuwa hawezi kutoka kitandani, naye alisema hatabariki watu asiowaona. Basi tupige picha ya familia, ipelekwe kwake. Shangazi yangu Nyachwo akaja kutoka Iyolwa kuongoza jambo hilo, na mkoba mkubwa mweusi ambao hakuuweka chini hata akila. Nilivalishwa gomesi ya kuazima, ile ya mabega yaliyochongoka na mshipi mpana wa kitambaa kiunoni, na ilikuwa kubwa kwangu, ikakunjwa mbele ikafungwa. Obbo akapanga watu. Akasema bibi arusi akae katikati, kwa sababu ya lenzi. Shangazi akamtazama kama aliyemtukana. "Mtoto akae katikati, mimi nikae pembeni kama nani? Kama jirani aliyekuja kuomba moto?" Kwetu wakubwa ndio hukaa katikati, na msichana anayeposwa hukaa mwisho wa safu, amegeukia wakubwa zake, macho chini. Hatazami kamera kama askari. Obbo alijaribu kueleza habari za ukingo wa picha. Lakini mtu hagombani na shangazi ya bibi arusi, na hasa shangazi mwenye mkoba. Nikawekwa kwenye stuli, pembeni kabisa, ubavu ubavu. Nilimwona Obbo nyuma ya kamera akitikisa kichwa kidogo. Halafu akapiga.

Kesho yake nilirudi Iyolwa kung'oa karanga. Kwa hiyo picha iliposafishwa sikuwepo. Shangazi aliichukua ikiwa bado inajikunja kwa unyevu, akavuka nayo mpaka Kenya siku hiyohiyo. Aliitazama njia nzima, akatuambia baadaye, na aliona imetoka vizuri sana. Naamini alisema kweli. Katika picha ya watu wengi kila mtu hutafuta uso wake kwanza, akiukuta mzuri anasema picha ni nzuri. Shangazi alikuwa katikati. Mkoba ulikuwa katikati. Wote wawili walitoka vizuri sana.

Niliporudi Busia, upande wa Egesa ulikuwa umenyamaza. Yeye mwenyewe hakuonekana. Niliambiwa baba yake amemtuma Kisumu na mizigo. Nikadhani ni kazi. Kisha siku moja nilikuwa ndani ya chumba cha giza nikisuuza picha kwenye karai, taa nyekundu ikiwaka, na nje ya pazia wateja wawili wanawake wakisubiri zamu. Hawakujua kuna mtu. Mmoja akasema yule binti wa kwa Obbo, yule mrefu anayejifanya mtakatifu, amepeleka picha Kenya na mzigo umetangulia mbele. Mwingine akauliza mzigo wa nani. Wa kwanza akacheka kidogo, akasema analala nyumba ya nani? Nilisimama na mikono ndani ya maji mpaka vidole vikajikunja. Hapo ndipo nilipoelewa mambo ya jikoni. Tangu nirudi, Mama Apio alikuwa haongei akipika. Sahani yangu aliisukuma badala ya kunipa, na nilipoinama kufagia nilihisi macho yake kiunoni mwangu, yakipima. Mumewe alikuwa akila akitazama ukuta. Sisi watatu tulikula ugali ule mgumu na kilichosikika ni kutafuna tu.

Obbo akaitoa negativu, ile filamu inayobaki studio, tukaichapa picha upya, nikaiona. Nilikuwa mimi. Pua yangu, shingo yangu. Na mbele yangu gomesi imevutwa na lenzi kwenda ukingoni kama chapati chini ya mti wa kusukumia, imejaa, ya miezi minane. Utasema, si uende tu Kenya ukaonyeshe tumbo lako. Nami nilitaka kwenda. Mama Apio ndiye aliyenizuia, na hapo alianza kuongea tena. Aliniuliza nikifika na tumbo tambarare watasema nini. Picha wameishika, tumbo wameliona. Likiwa halipo, hawatasema halikuwepo. Watauliza limekwenda wapi, na hilo swali ni baya kuliko tumbo. Nilikaa chini kwenye kizingiti. Nikiwa na mimba, sina ndoa. Nisipokuwa nayo, mimi ni muuaji. Sikuwa nimelala na mtu yeyote duniani.

Senge Nabwire alikuja siku ya soko. Ukoo ulimtuma aje kuniangalia kwa sababu alikuwa hana aibu na hana haraka. Mjane wa kama mwaka mmoja, mnene kiasi, ana ile saa ya mumewe mkononi inayomteleza mpaka kwenye kiwiko. Hakuja peke yake, lakini hilo nitalisema mahali pake. Aliingia, akasalimu wote, akakaa kwenye benchi mbele ya mwamba na ndege. Mama Apio akaleta chai. Senge alikuwa na fundo kwenye ncha ya leso yake, na sote tulijua ni sukari, maana fundo la chumvi hukaa tofauti. Alilifungua fundo kidogo, akalitazama, akalifunga tena. Akanywa chai yetu kavu. Huo ulikuwa ujumbe. Kisha akaniambia nisimame, nigeuke, na akanitazama kama anavyotazamwa ng'ombe mnadani. Halafu akatoa ile picha akaiweka juu ya benchi. Alisema maneno matatu.

"Imekwenda wapi, msichana?"

Nikasema haikuwepo. Akauliza basi picha imedanganya? Obbo akaanza kueleza habari za lenzi na ukingo, akihema, akasema Senge lenzi hii navuta, ukikaa mwisho nakuvuta. Senge akainua mkono. Alimwambia kwa upole kwamba yeye, Obbo, ndiye anayetajwa kuwa mwenye mimba, na maneno ya anayetajwa hayana uzito hata yakiwa ya kweli. Sabuni za jirani zilinuka kupitia ukutani. Mimi nilikuwa nimechoka na heshima. Ilikuwa imenifikisha kwenye stuli ile. Nikafanya jambo ambalo msichana hafanyi mbele ya wakwe. Nilivuta stuli nikaiweka mahali palepale pembeni, miguu yake kwenye alama zake sakafuni. Nikasema, "Senge, kaa hapa nilipokaa mimi. Ukitoka ulivyo, nitarudi Iyolwa na sitamlaumu mtu." Mama Apio alishika mdomo. Senge akavua viatu, sijui kwa nini, akaenda akakaa.

Na hakutaka ifanywe nusu. Alidai kila kitu kiwe kama siku ile. Mama Apio akae katikati mahali pa shangazi, na ashike kitu kama mkoba, akashika karai. Shuka ifungwe kiunoni mwa Senge mwenyewe juu ya gauni, ikunjwe mbele kama gomesi ilivyokuwa. Akageuka ubavu, akainamisha macho kama bibi arusi, na akamwambia Obbo apige kabla hajaanza kujicheka. Obbo alipiga. Kisha Senge akaweka kiti mlangoni pa chumba cha giza akasema hatoki hapo, na hakuna mtu atakayeingia wala kutoka na picha nyingine. Tulimsikia nje akikohoa. Ndani, mimi na Obbo tulisimama juu ya karai kama watu wanaosubiri mtoto apumue. Karatasi ilikuwa nyeupe. Kwanza ikaja saa, nyeusi, wazi. Kisha stuli. Kisha polepole, kama wingu linavyojaa juu ya Tororo mchana, likaja tumbo.

Obbo aliketi palepale kwenye ndoo. Mimi niliibeba picha ikidondosha maji, nikampa mwenyewe mkononi. Senge aliitazama. Akaigeuza kama kuna kitu nyuma, akaitazama tena. Akashika tumbo lake la kweli kwa mkono mmoja, kama anayehakikisha. Halafu akasema taratibu, akimwambia yule wa pichani, "Mume wangu amelala chini ya migomba. Nani amekufanya hivi, mama?" Na akacheka. Kicheko kile kilianzia chini kabisa, saa ikamteleza mpaka kwenye kiwiko, na Mama Apio, ambaye alikuwa bado ameshika karai, akacheka akalia, akanikumbatia mimi pamoja na karai, na sikumbuki mtu kuniomba msamaha lakini jioni ile sahani yangu nilipewa mkononi. Senge aliagiza chai nyingine. Akafungua fundo la leso. Akatia sukari kwenye kikombe cha Obbo, cha Mama Apio, halafu changu, na changu alitia mara mbili, akakoroga mwenyewe. Nimekunywa chai nyingi baada ya hiyo. Sijakunywa nyingine kama ile. Utamu ulishuka mpaka kwenye magoti.

Alivuka mpaka na picha zote mbili, yangu na yake. Egesa alinisimulia yaliyotokea. Wazee walikuwa wamekaa, Senge akaziweka mezani moja kando ya nyingine na kuwaambia kama mimi nina mimba basi na yeye anayo, na anayetaka kumuuliza ya nani aulize sasa. Hakuna aliyeuliza. Babu kitandani aliletewa, akazitazama, akasema watu wanaokaa pembeni wanaonewa siku zote, akabariki. Wakati wa kunipokea kama mke, Senge aliniita jikoni kwake. Picha yangu aliitia motoni mbele yangu, tukaitazama mpaka ikawa jivu. Akasema neno hilo limekwisha na halitatoka kinywani mwake, hata kwa watoto wake, kwa sababu bibi arusi akishasafishwa hasemwi tena hata kwa kusifiwa. Nikamuuliza na ile yake. Akasema hiyo anaiweka. Siku nikitukanwa na mtu wa ukoo huu, ataitoa. Sikutukanwa. Kwa hiyo haikutoka. Na hakuweza kuieleza kwa mtu bila kunitaja, hivyo hakuieleza, akaifunga kwenye leso na kuikalia miaka yote, bila kufikiri kwamba siku moja yeye hayupo na picha ipo.

Nilipofika hapo, chai ilikuwa imepoa mkononi mwangu. Auma alikuwa amekaa chini sakafuni. Lakini Nekesa hakuwa ameridhika, niliona. Nesi anataka kuona kidonda kwa macho yake. Alisema, kwa sauti ndogo, kwamba habari ni nzuri, na mimi nampenda mama yao, na mtu anayempenda mtu anaweza kumtungia habari nzuri. Sikukasirika. Ningekuwa yeye ningesema vivyo hivyo. Nikamwita mjukuu wangu Mercy kutoka nje na simu yake. Nikamwambia aweke ile wanayoita nusu, lenzi pana ya simu, ile wanayotumia wote waingie. Nikamsimamisha karibu na kitanda, nikamkalisha Auma mwisho kabisa, ubavu, na kitenge kimekunjwa kiunoni. Mercy aliuliza, "Nyanya, na wewe unajua nusu?" Nikamwambia niliijua kabla mama yake hajazaliwa, apige. Auma alipojiona alipiga kelele kidogo, akafunga mdomo kwa sababu ya msiba. Nekesa alichukua simu, akatazama, akapanua kwa vidole viwili, akatazama tena. Mabega yake yalianza kushuka.

"Sasa lete ile ya zamani dirishani," nikamwambia. "Nilisema mama yako hakuja peke yake. Tazama mguu wa stuli, ukingoni kabisa. Unaona nini?" Akasema anaona kitambaa, au mwiko. Nikamwambia atazame vizuri. Mwiko hauna kucha. Kilikuwa ni kiganja cha mtoto, kimevutwa na lenzi mpaka kikawa kirefu kama mwiko, vidole vinne vimeshika mguu wa stuli. Mtoto aliyekuja mgongoni mwa mama yake, akateremshwa, akatembea mwenyewe, na akakataa kuachia stuli hata Obbo alipoomba. Na fundo la sukari lilipofunguliwa, mtoto huyo aliingiza mkono wote ndani, na hakuna aliyemkemea.

"Baba yako alikufa wewe ukiwa unatambaa," nikasema. "Siku ile ulikuwa unatembea. Hukuwa tumboni, Nekesa. Ulikuwa chumbani, unanimalizia sukari."

Aliweka kidole chake juu ya kile kiganja. Kisha akalia, na hicho kilikuwa kilio cha kumlilia mama yake tu, hakikuwa na kitu kingine ndani yake, na tulimwacha alie mpaka kikaisha chenyewe. Auma akafungua mlango, hewa ikaingia na sauti za sufuria. Picha ile hawakuirudisha kwenye sanduku. Waliisimamisha kando ya ile ya rangi iliyowekwa kwenye jeneza, ambayo Senge amekaa katikati kama mkubwa, na watu waliokuwa bado uani walipita wakaitazama, wakanitazama, nikawaeleza. Nimezeeka mno kuogopa tumbo la karatasi. Mercy akaniletea chai ya moto akaniuliza kama iwe ile niliyoagizwa kliniki, yaani kavu, bila sukari. Nikamwambia leo atie. Akatia kijiko kimoja, akasita, akanitazama.

Nikamwambia mara mbili.